Rupia ya Kijerumani: Tindikali hudanganyika, maji hayadanganyiki

ANAYEPELEKA punje za dhahabu kwa mnunuzi mjini Tarime hashangai kuona mnunuzi huyo akitoa mizani ya elektroniki na kichupa cha tindikali. Ndivyo biashara inavyokwenda katika wilaya yenye machimbo ya Nyamongo, na wakazi wengi wa Kata ya Turwa wanaifahamu bila kufundishwa. Tone moja juu ya shaba njano huchemka na kugeuka kijani. Juu ya dhahabu hukaa kimya kama tone la mvua juu ya jani la mgomba.

Ujuzi huo unatosha kwa punje na vipande vilivyotoka machimboni. Tatizo huanza pale inapoletwa sarafu ya kale, hasa ile ambayo watu huiita "rupia ya Mjerumani", ikiwa inang'aa kwa rangi ya manjano na ikiambatana na simulizi ya babu aliyeifukia chini ya jiwe wakati wa vita. Tindikali hupima ngozi ya kitu, na sarafu iliyochovywa ina ngozi ya dhahabu ya kweli. Itafaulu mtihani. Aliyeuza ng'ombe watatu ili aipate atagundua ukweli baadaye, sonara atakapoikata.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana. Mwenye sarafu halisi akiikwaruza kwa tupa ili tindikali ifike ndani, huwa ameharibu kwa mkono wake mwenyewe sehemu kubwa ya thamani aliyotaka kuithibitisha. Wakusanyaji wa sarafu hulipia uso wa sarafu zaidi ya madini yaliyomo, na uso uliokwaruzwa haurudi.

Kuwapo kwa rupia mkoani Mara si jambo la ajabu. Utawala wa Wajerumani ulikuwa na kituo Shirati, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya na ambalo hadi 2007 lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime. Ulikuwa pia na ngome Ikoma, katika Wilaya ya Serengeti ya leo. Askari walilipwa mishahara kwa rupia, na wananchi walidaiwa kodi ya nyumba. Fedha hizo zilizunguka, nyingine zikayeyushwa kuwa vidani na bangili, nyingine zikabaki katika vibuyu na masanduku ya mabati hadi zikasahauliwa.

Rupia ya kwanza ya koloni hilo iligongwa kuanzia 1890 kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja ina sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili ina simba na mnazi. Uzito wake ni gramu 11.66 na sehemu 917 katika kila 1,000 ni fedha, kipimo kilichofuata rupia ya India iliyokuwa imekwisha kuzoeleka pwani. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ilitoa rupia ya uzito huohuo, ikigawanywa katika heller 100, na chini ya sarafu ikiwekwa herufi ndogo: A kwa zilizogongwa Berlin, J kwa zilizogongwa Hamburg.

Hapo ndipo penye jambo ambalo lingeokoa fedha za watu wengi kama lingejulikana. Katika miaka yote ya utawala wao, Wajerumani hawakutoa kwa matumizi rupia ya dhahabu yenye sura ya Kaisari. Rupia ya Kaisari ni ya fedha. Inayoonekana ya manjano imechovywa, ama na sonara wa zamani aliyetaka kuifanya kidani, ama na tapeli wa jana.

Sarafu ya dhahabu ilikuwapo moja tu, nayo ni ya rupia 15, iliyogongwa 1916 katika karakana ya reli ya Tabora wakati koloni limezingirwa na meli haziwezi kuleta fedha kutoka Ulaya. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Haina Kaisari. Upande mmoja ina tai wa dola, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000 kabla ya Tabora kuangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, na leo moja iliyohifadhiwa vizuri huuzwa kwa maelfu ya dola katika minada ya nje. Bei hiyo ndiyo inayowavutia waigaji.

Karakana hiyohiyo ilitoa pia sarafu za heller 5 na heller 20, nyingi zikiwa za shaba njano. Za heller 20 zilifika zaidi ya milioni moja. Zina taji, herufi DOA na mwaka 1916, na umbo lake ni la kazi ya haraka ya wakati wa vita: kingo zisizo sawa, maandishi yasiyokaa katikati. Ukisugua moja kwa majivu na limau inang'aa kama pete ya harusi. Asiyejua anaweza kuuziwa kama "dhahabu ya Mjerumani", ingawa hapa hakuna hata kuchovya. Ni shaba iliyong'arishwa tu.

Kuchovya kwenyewe hakuhitaji kiwanda. Njia ya kisasa hutumia umeme: sarafu huning'inizwa katika maji yenye chumvi za dhahabu au fedha, mkondo wa umeme hupitishwa, na utando mwembamba hujishika juu yake. Lakini njia ya kale zaidi hutumia vitu vinavyopatikana katika machimbo yoyote madogo. Dhahabu huchanganywa na zebaki mpaka iwe kama uji mzito, uji huo hupakwa juu ya shaba au fedha, kisha moto huondoa zebaki na kuacha dhahabu imeganda. Ni hatua zilezile anazozifuata mchimbaji mdogo anapochoma mchanganyiko wake, isipokuwa kwamba hapa kuna sarafu chini yake. Moshi wa kazi hiyo hushambulia mapafu na mishipa ya fahamu, na Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata wenye lengo la kupunguza matumizi ya zebaki.

Zebaki hutumika pia kwa udanganyifu wa haraka zaidi. Pesa ya shaba ya 1890 hadi 1892, ile ambayo 64 zake zilikuwa sawa na rupia moja, ikisuguliwa kwa zebaki kidogo hugeuka nyeupe ya kumetameta kana kwamba ni fedha. Mng'ao huo haudumu. Baada ya muda hufifia na kuwa wa kijivu. Sarafu ya namna hiyo isisuguliwe kwa vidole, isipewe mtoto, na kwa vyovyote isiwekwe motoni, maana mvuke wake ni sumu.

Jicho lililosaidiwa na kioo cha kukuzia mara kumi, kile ambacho sonara na fundi saa hukitumia, linaweza kufichua mengi. Mahali pa kuanzia ni zile sehemu zilizoinuka: kichwa cha tai juu ya kofia, masharubu na bega la Kaisari, sikio la tembo. Huko ndiko vidole na mifuko hulamba kwanza. Sarafu ya fedha tupu ikilambwa huonyesha fedha ileile chini. Iliyochovywa huonyesha wekundu wa shaba au umanjano hafifu. Baada ya hapo kioo kihamie kwenye vibonde kati ya herufi. Utando mara nyingi hujaa humo na kuzifanya kona zionekane laini, kama maandishi ya ukutani yaliyopakwa rangi mara tatu. Malengelenge madogo, ngozi inayobanduka na doa la kijani linalochungulia kutoka chini ya manjano ni dalili mbaya zote, kwa sababu dhahabu haioti kutu ya kijani. Shaba huota.

Ukingo wa sarafu husahauliwa na waigaji wengi, na pengine ndiyo maana husema ukweli. Rupia ina mikato midogo kuzunguka ukingo wake. Iliyomiminwa katika kalibu badala ya kugongwa huacha mstari mwembamba wa mshono uliopigwa tupa, na uso wake huwa na vitundu vya hewa kama vya mkate.

Tahadhari moja inahitajika hapa, maana jicho nalo huhukumu wasio na hatia. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, iliyotolewa kuanzia 1921 hadi 1946, ilikuwa na robo tu ya fedha. Sehemu kubwa iliyobaki ni madini mengine. Ikichakaa huweza kuonyesha rangi mbili, nyeupe pembezoni na ya manjano au kijivu katikati, na bado ikawa halali kabisa. Tena zipo sarafu zilizochovywa na kiwanda chenyewe. Sarafu ya Sh500 iliyoingia katika mzunguko 2014, yenye sura ya Mzee Abeid Amani Karume na nyati, ni chuma kilichovikwa nikeli. Hunaswa na sumaku, na hakuna mwenye haki ya kuikataa dukani kwa sababu hiyo.

Kwa rupia, kinyume chake, sumaku ni kipimo cha kukataa. Fedha, dhahabu, shaba, risasi na shaba njano hazinaswi. Rupia inayonaswa na sumaku imekwisha kujihukumu. Lakini isiyonaswa haijathibitisha kitu, na hapa wengi huteleza.

Sumaku hiyohiyo ndiyo iliyo nyuma ya simulizi ya rupia "inayovuta mchele", ambayo husemwa ina nguvu za pekee na kwamba wazungu huitafuta kwa mamilioni. Utapeli huu unajulikana sana India, ambako polisi wamewakamata wahusika mara kadhaa. Mchele huwa umetiwa unga wa chuma au vipande vya waya visivyoonekana, na sarafu huwa na sumaku. Hakuna madini ya sarafu yanayovuta nafaka, na mnunuzi wa kweli wa sarafu hatadai onyesho la namna hiyo.

Mlio husaidia kidogo. Rupia ya fedha ikisawazishwa kwenye ncha ya kidole na kugongwa taratibu kwa ukuni hutoa mlio mrefu na mwembamba. Yenye risasi ndani hutoa sauti ya kigae. Kipande cha barafu nacho huyeyuka haraka juu ya fedha, kwa kuwa hakuna metali inayopitisha joto kuishinda. Tatizo ni kwamba shaba iko nyuma yake kwa hatua ndogo tu, hivyo shaba iliyochovywa fedha itayeyusha barafu karibu kwa kasi ileile na kumfurahisha bure anayeitazama.

Kipimo kisichojali ngozi ya sarafu wala kuijeruhi ni cha uzito ndani ya maji, na vifaa vyake vyote viko tayari kwa wanunuzi wa dhahabu wa Tarime: mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, bilauri, maji safi na uzi mwembamba. Sarafu hupimwa kwanza ikiwa kavu. Kisha bilauri yenye maji huwekwa juu ya mizani na mizani kurudishwa sifuri. Sarafu hufungwa uzi na kushushwa mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavuni, na mapovu yaliyojishika juu yake hutikiswa yatoke. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Uzito mkavu ukigawanywa kwa namba hiyo, hupatikana uzito wa kila sentimita ya ujazo ya madini yaliyomo, yakiwamo ya tumboni.

Rupia ya kweli ya gramu 11.66 husoma takriban 1.13 ndani ya maji, na hesabu hutoa 10.3. Nakala ya shaba njano iliyochovywa fedha na kulinganishwa uzito ili iwe gramu 11.66 itasoma karibu 1.37, na hesabu itashuka hadi 8.5. Hakuna utando utakaoweza kuificha tofauti hiyo. Ya risasi itasoma 1.03. Rupia iliyochakaa huweza kupungua uzito kwa sehemu ya gramu, lakini jibu la hesabu halibadiliki, kwani ujazo hupungua pamoja na uzito.

Kwa rupia ya Kaisari iliyovikwa dhahabu jibu hubaki lilelile la fedha, karibu 10.3. Kama sarafu ya ukubwa ule ingekuwa dhahabu tupu, ingekuwa na gramu zaidi ya 21. Mtu aliyekwisha kushika dhahabu angeijua mkononi kabla ya kufika kwenye mizani.

Ile ya Tabora ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000 na uzito wa gramu 7.17. Ndani ya maji inapaswa kusoma kati ya 0.45 na 0.48. Kipande cha shaba njano cha ukubwa uleule kilichochovywa hakitafika hata gramu 4.5, na mwigaji akitaka kufikia gramu 7.17, itambidi akifanye kinene karibu mara mbili, jambo ambalo rula ya mtoto wa shule inaweza kulibaini. Sarafu hiyo ina upana wa milimita 22 hivi.

Wapo wanaoamini kwamba mashine ya mionzi ya eksirei, inayotumika katika masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu 2019, humaliza ubishi wote. Mashine hiyo ni nzuri na haikwaruzi, lakini husoma tabaka la juu tu, kina kidogo kuliko unene wa unywele. Utando uliokolezwa vya kutosha huidanganya kama unavyodanganya tindikali. Matokeo yake yasomwe pamoja na ya maji. Mashine ikisema dhahabu na maji yakisema shaba, yaaminiwe maji.

Upande wa pili wa biashara hii yuko mwenye nyumba aliyekuta rupia halisi katika mali ya marehemu. Yeye hatapeliwi kwa utando. Hujitapeli kwa usafi. Weusi na ukahawia uliojijenga taratibu juu ya fedha kwa miaka mia moja ndio ushahidi ambao mkusanyaji huutafuta, na ukisuguliwa kwa majivu, ukwaju, dawa ya meno au mchanga wa mtoni, hubaki mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja. Ikiinamishwa chini ya mwanga, sarafu ambayo haijaguswa huonyesha mng'ao unaozunguka kama miale ya gurudumu. Iliyosuguliwa hung'aa kote kwa namna moja, kama sufuria.

Kuna pia waliotoboa rupia na kuivaa shingoni, au kulehemu kikonyo juu yake. Tundu huweza kuzibwa na kikonyo kukatwa, kisha mahali hapo pakapakwa rangi kwa salfa ili pafanane na pengine. Kiraka hujulikana kwa kioo, hasa ukingoni, ambako mikato hukatika ghafla au hurudiwa kwa mkono ikiwa mipana kuliko jirani zake. Weusi wa kughushi huja kwa mabaka na huishia ghafla, tofauti na ule wa asili unaofifia kidogo kidogo kutoka kwenye herufi kuelekea uwanda wa wazi. Sarafu ya namna hiyo bado ni halisi na ina bei yake, ila si bei ya sarafu nzima, na muuzaji anayelificha tundu anamwibia mnunuzi sawasawa na anayechovya.

Kisheria, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu inayohusu makosa ya sarafu, na kwa fedha za kale ambazo hazitumiki tena lipo kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Shida ya mlalamikaji huwa ushahidi. Mauziano haya hufanyika faraghani, usiku, kwa haraka, na muuzaji akitaja mnunuzi mwingine anayesubiri Sirari. Karatasi yenye tarehe, majina, aina ya sarafu, mwaka wake, herufi iliyo chini yake, uzito mkavu na uzito ndani ya maji, pamoja na picha za pande zote mbili na ya ukingo, huandikwa kwa dakika kumi, na ndiyo itakayofunguliwa mezani iwapo shauri litafika kituo cha polisi.

Kwa sarafu ya thamani ya juu, kampuni za Marekani kama PCGS na NGC hukagua na kuifungia katika kasha la plastiki lenye namba. Makasha hayo nayo hughushiwa. Namba iliyoandikwa juu yake hulinganishwa na kumbukumbu za kampuni husika kwenye intaneti, pamoja na picha ya sarafu ikiwapo, kabla ya fedha kutoka mfukoni.